Igizo liliwaliza wadogo na kuwachekesha wakubwa. Muhula ujao nilete lipi?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa klabu ya sanaa katika shule binafsi mkoani Morogoro. Msingi na sekondari zetu ziko ndani ya uzio mmoja, kuanzia Darasa la Kwanza hadi Kidato cha Nne.

Muhula uliopita uongozi ulialika kikundi cha maigizo. Tuliambiwa igizo lao ni la kuelimisha jamii kuhusu ukatili wa kijinsia na limeshapita katika shule nyingi. Siku yenyewe wanafunzi wote kuanzia Darasa la Tatu waliingizwa bwaloni, wadogo wakaketishwa mbele kwenye mikeka kama ilivyo kawaida. Katikati ya igizo baba wa kambo anamvuta binti yake chumbani. Chumba chenyewe kilikuwa khanga mbili zilizofungwa kwenye kamba. Nyuma ya khanga zikasikika kelele ndefu. Wadogo kadhaa walianza kulia. Wavulana wa Kidato cha Kwanza na cha Pili wakacheka kwa sauti. Binti mmoja wa Kidato cha Pili aliinuka akatoka na hakurudi. Igizo likaendelea hadi mwisho, na jioni mwalimu wa nidhamu akawachapa waliocheka.

Kwenye kikao cha wazazi mama mmoja alisema mtoto wake wa Darasa la Nne tangu siku ile hataki kulala peke yake. Baba mwingine akajibu kwamba watoto hawa wanaona mabaya zaidi kwenye simu. Mkuu wa shule ameamua kwamba kuanzia sasa ni vichekesho tu. Kidato cha Nne nao wamenijia ofisini: "Mwalimu, darasani tunasoma tamthilia za Kilio Chetu na Orodha, halafu bwaloni tuletewe sungura na fisi?"

Sasa kazi ya kuchagua nimekabidhiwa mimi. Bajeti inatosha kikundi kimoja kwa siku moja. Nitajuaje igizo linawafaa watoto wa umri gani? Vichekesho ndiyo njia salama kweli? Na wazazi niwaambie nini?

Mlezi wa Klabu, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo uliotwishwa.

Maswali yako nitayajibu, lakini lipo ambalo hukuliuliza na ndilo la haraka. Yule binti wa Kidato cha Pili aliyetoka. Kuna mtu aliyemuuliza hali yake?

Huenda alizidiwa na joto la bwalo, huenda alikuwa anaumwa. Lakini mtoto akiinuka peke yake mbele ya shule nzima, wakati uleule ambapo jukwaani binti anavutwa chumbani, mtu mzima anapaswa kumfuata. Bado hamjachelewa. Aende mwalimu wa kike, ikiwezekana yule wa ushauri na unasihi, wakae mahali wanapoonekana lakini hawasikiki. Asianze na "kwa nini ulitoka?", maana hilo litamfikia kama shitaka. Amwambie tu kwamba alimwona siku ile na amekuwa akimwaza, amuulize anaendeleaje, kisha anyamaze asubiri. Asimwahidi kutunza siri. Amweleze kwamba likiwapo jambo la hatari, atawaambia wale tu wanaoweza kumlinda. Na likijitokeza, msilimalizie ofisini kwa mkuu, wala msipige simu nyumbani kabla hamjajua nyumbani kuna nani. Polisi kuna dawati la jinsia na watoto, halmashauri kuna maofisa ustawi wa jamii, na namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Hilo linawahusu ninyi walimu kabla ya mtu mwingine yeyote.

La pili ni wale wavulana waliochapwa. Mfikirie kijana wa miaka 13 au 14 aliyebanana kwenye benchi na wasichana wa darasa lake. Mbele yake kuna kelele za binti nyuma ya khanga, na ukutani wamejipanga walimu wake wote wanamtazama. Uso wake aupeleke wapi? Akitoa machozi atataniwa mpaka amalize shule. Akiinama ataambiwa ni mwoga. Basi anacheka. Kicheko kile ni aibu iliyokosa pa kutokea, na viboko vimemwongezea aibu nyingine juu yake. Ningekuwa jirani yenu ningekuja kumwomba mwalimu wa nidhamu azungumze nao upya, bila fimbo.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu linagusa uchaguzi wako moja kwa moja. Mtoto akitazama igizo shuleni hatazami jukwaa peke yake. Anawatazama wenzake, na anajua wenzake wanamtazama. Kwa hiyo unapouliza igizo linafaa umri gani, uliza pia mtoto huyo atakuwa amekaa na nani.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Karibu kila shule ninayoijua huchagua kwa kuuliza igizo linahusu nini. Likihusu ukimwi, "hilo ni la wakubwa." Likihusu utunzaji wa mazingira, "hilo ni la wote." Swali hilo halitoshi kabisa. Kifo, vita, ukatili, talaka, njaa: hakuna hata moja kati ya hayo lisiloweza kuwekwa mbele ya mtoto wa Darasa la Tatu kwa namna anayoimudu. Na hakuna mada, hata iwe ya kupiga mswaki, isiyoweza kumtesa ikiwekwa vibaya. Uliza kitafanyika nini mbele ya macho yake, kwa umbali gani, kwa muda gani, na kikishafanyika atabaki na nani.

Chukua hilohilo la baba wa kambo. Binti angeweza kuingia jukwaani asubuhi, amechelewa namba, sketi haijapigwa pasi, rafiki yake anamuuliza kulikoni naye anasema hamna kitu. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu anasimama mlangoni kwa mwalimu, anataka kugonga, anaondoka, anarudi, anagonga. Mada haijabadilika. Mtoto wa Darasa la Tano angeelewa kwamba nyumbani kwa yule binti kuna mtu anayemuumiza, angeuona ugumu wa kusema, na angeuona mlango ukifunguliwa. Wenu walipewa kelele nyuma ya pazia. Waongozaji wengi hudhani pazia linaficha. Kwa mtoto mdogo pazia linazidisha, maana analazimika kujijazia mwenyewe kilichoko nyuma yake, na kila usiku anaweza kujijazia kingine. Ndiyo maana yule wa Darasa la Nne halali peke yake.

Baba aliyetaja simu mjibu kwa heshima, kwani wasiwasi wake ni wa kweli na jambo la simu linahitaji kikao chake. Ila mweleze kwamba simu mtoto anaweza kuifunika kwa kiganja. Mwigizaji aliye hatua mbili mbele yake ana pumzi, ana jasho, anaanguka na sakafu inatikisika. Mtoto hawezi kumzima, na kutoka ni kupita mbele ya watu wote. Nguvu hiyohiyo ndiyo inayofanya igizo la jukwaani limfundishe mtoto kitu ambacho simu haitamfundisha. Tusiidharau, na tusiilete bwaloni bila kuipima.

Kuipima si kwa makaratasi. Usajili wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ni muhimu na uudai, lakini unakuambia kwamba kikundi kinatambulika. Haukuambii kwamba igizo lao linamfaa mtoto wa miaka tisa. Maneno kwamba "limeshapita shule nyingi" nayo hayakuambii kitu, kwa sababu hujui huko shuleni nani alilia. Na usikubali hoja ya kwamba "hiki ni kitabu cha shule." Kitabu cha Kidato cha Tatu ni kitabu cha Kidato cha Tatu.

Omba muswada, usome wote, halafu uende ukaone mazoezi au onyesho lao mahali pengine. Kimoja bila kingine hakitoshi. Kwenye muswada utakuta neno moja kwenye mabano: "Anampiga." Ukifika kwenye mazoezi unaona mkanda unafunguliwa kiunoni polepole, unakunjwa mara mbili, unapigwa mezani kwanza ili watazamaji washtuke. Kisha mwigizaji anaanguka na kuviringika mpaka ukingo wa jukwaa, mahali ambapo kwenu wanakaa watoto wa mikekani. Neno moja limekuwa dakika nne. Kinyume chake pia hutokea. Unasoma tukio la kuogofya, ukiliona jukwaani limefanywa kwa ngoma na mwendo tu, na linabebeka kabisa.

Ukiwa kwenye mazoezi, angalia zaidi kinachofuata baada ya jambo zito. Mtu akifa jukwaani, je, kuna anayemlilia, anayemzika, anayebaki na watoto wake? Au taa zinazimwa na wimbo wa kuchekesha unaanza? Mtoto anaweza kubeba msiba mkubwa akiona watu wazima wa kwenye igizo wanaubeba pamoja naye. Sikiliza pia spika. Mlio wa bunduki kwenye bwalo la bati unatisha kuliko mwongozaji anavyofikiria akiwa uwanja wa wazi. Uliza kama waigizaji hushuka kwa watazamaji na kuvuta mtoto jukwaani. Wengine hufanya hivyo kwa nia njema, lakini mtoto asiyetaka kuguswa hana namna ya kukataa mbele ya watu mia tatu.

Kuhusu umri wenyewe, siamini katika mistari iliyonyooka, kwani ndani ya Darasa la Tano moja utakuta mtoto aliyemzika mama yake na mwingine asiyewahi kulala njaa. Hata hivyo kuna mambo ambayo mwalimu yeyote wa maigizo ameyaona. Wadogo wa Darasa la Kwanza na la Pili bado hawajamtenganisha vizuri mwigizaji na mhusika. Kwao fisi ni fisi hadi atakapovua kichwa mbele yao na kuwasalimia, kwa hiyo avue, na awasalimie. Kuanzia Darasa la Tatu mpaka la Sita wanachotafuta ni haki. Wanaweza kuvumilia mengi mradi mwovu asiondoke hivihivi.

Watoto hao wa msingi wanafaa sana ngano za kuigizwa, na Kidato cha Nne wakizidharau wanakosea. Zimwi la kwenye ngano linatisha kweli, lakini watoto wana wimbo. Fanani anasema "Hadithi, hadithi!" nao wanajibu "Hadithi njoo!", na tangu hapo wanashiriki kuiendesha. Zimwi likikaribia, kibwagizo wanacho wao midomoni. Hofu ambayo mtoto ameshika upande mmoja wa kamba yake haimfuati kitandani. Dakika arobaini zinawatosha, na mchana kweupe, madirisha wazi.

Kundi gumu kuliko yote ni Kidato cha Kwanza na cha Pili, na hapo ndipo ningekaa muda mrefu kama ningekuwa wewe. Miili inabadilika, kila kitu kinawaaibisha, mapenzi yakitajwa bwalo zima linapiga kelele. Igizo la mambo ya kijinsia wanalihitaji, lakini si wakiwa wamechanganywa watoto wote wa shule chini ya paa moja. Kwenye mkusanyiko mkubwa wape jambo zito la aina nyingine. Mfano mmoja ninaoupenda ni tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 wanavikuta kwenye Historia. Kuna vifo, kuna hasira, na kuna tukio la Kinjeketile kujitosa mtoni na kurudi siku ya pili akiwa mkavu, amepandwa na mzimu. Tukio hilo likichezwa vizuri linasimamisha nywele. Mtoto wa Darasa la Tatu angeota usiku. Kijana wa miaka 14 anabaki na maswali: mtu huyu anaamini anachokisema? Watu wamelichukua neno lake, limekuwa kubwa kuliko yeye, alirudishe vipi? Na mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kuyakana maji aliyowapa watu kwamba yatawakinga na risasi, ingawa kuyakana pengine kungemwokoa. Nimeona vijana wakibishana juu ya kukataa huko hadi kengele ya chakula ikalia bila mtu kuinuka. Hayo ni mabishano wanayoyaweza wavulana na wasichana pamoja, bila mtu kuona haya.

Sasa vichekesho. Namwelewa mkuu wako, ametoka kwenye kikao kigumu na anatafuta amani. Lakini siyo njia salama, na hapa nakuomba usimame imara ingawa ni mkubwa wako. Vitazame vichekesho vinavyozunguka. Mlevi anampiga mkewe na watu wanaangua kicheko. Mwenye kigugumizi anaigwa. Anaigwa mlemavu, anaigwa mnene, anaigwa dada wa kazi anayesema Kiswahili chenye lafudhi ya kwao. Mwenye ualbino anapewa jina. Halafu kumbuka kwamba bwaloni kwenu kuna mtoto mwenye kigugumizi. Amekaa katikati ya wenzake wakati wote wanacheka, naye inambidi acheke, na kesho yake kwenye foleni ya uji jina la yule mhusika ndilo jina lake. Ataitwa hivyo mpaka amalize shule. Hakuna mzazi atakayesimama kikaoni kulisema hilo, kwa sababu mtoto mwenyewe hatalisimulia nyumbani. Igizo la huzuni likikosewa, watoto hulia na mtajua. Kichekesho kikikosewa hamtajua.

Nacho kichekesho kizuri kipo, tena kinawafaa wote. Kipime kwa kuangalia nani anachekwa. Sungura mdogo akimzidi akili simba, mtoto anacheka pamoja na aliye mnyonge. Tajiri mchoyo akinaswa na mtego wake mwenyewe, vivyo hivyo. Mwambie mkuu kwamba kichekesho nacho lazima kisomwe na kionwe kwanza, kwa vigezo vilevile.

Kidato cha Nne wana haki, na nisingewaacha waondoke ofisini wakidhani hawakusikilizwa. Vitabu walivyokutajia, pamoja na Ngoswe ya Edwin Semzaba, vimesomwa na kutahiniwa kwenye sekondari zetu kwa miaka mingi. Kilio Chetu ndani yake kuna hoja yenu yenyewe: Mama Suzi anaona kumweleza mtoto mambo ya kijinsia ni kumharibu, Baba Anna anamwelimisha binti yake, na tunaona nani anaumia. Shule inayompa kijana kitabu hicho mkononi na kumwambia akichambue kwa ajili ya mtihani haiwezi kumwambia bwaloni kwamba yeye ni mtoto mno kuona mada hiyo.

Ila si lazima wachezewe na watu wa kutoka Dar es Salaam. Wacheze wao. Nchi yetu ina historia ya hilo, na inafaa mkuu wako aijue. Mwaka 1996 Amandina Lihamba na Penina Mlama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha Tuseme, ambapo wasichana wa sekondari walitengeneza maigizo yao wenyewe juu ya yanayowakwamisha shuleni, wakayacheza mbele ya walimu na wenzao, na baada ya igizo yakajadiliwa. FAWE, shirika la wanawake wa Afrika linalotetea elimu ya wasichana, ilikuja kuuchukua mpango huo na kuupeleka nchi nyingine za Afrika. Wasichana wale hawakuambiwa mambo yao ni ya watu wazima. Walikuwa wanayaishi.

Basi ningefanya hivi kwa bajeti yako. Gharama kubwa ya kikundi ni nauli, chakula na malazi. Wakishafika, onyesho la pili haliongezi fedha nyingi. Tafuta kikundi chenye maigizo mawili. Asubuhi wawachezee msingi ngano, wakubwa wakiwa darasani. Alasiri wawachezee sekondari, na igizo hilo la alasiri ulichague ukimfikiria mtoto wa Kidato cha Kwanza, siyo yule wa Nne. Kidato cha Tatu na cha Nne uwape siku yao nyingine, jioni, wasome na kucheza vipande vya kitabu chao kwenye chumba cha darasa, wenyewe kwa wenyewe, nawe ukiwapo pamoja na mwalimu mmoja wa kike. Hilo halina gharama, na nina hakika watalikumbuka kuliko lile la wageni.

Siku ya onyesho badilisha ukaaji. Mazoea ya kuwaweka wadogo mbele yanatokana na urefu wao, na matokeo yake ni kwamba asiyeweza kubeba jambo ndiye anayewekwa karibu nalo kuliko wote. Mkiwatenga kwa maonyesho mawili tatizo linapungua, lakini hata hivyo acha nafasi ya hatua nne au tano kati ya jukwaa na mkeka wa kwanza. Mlangoni wawe walimu wawili. Kabla ya igizo kuanza, waambie watoto kwamba anayetaka kutoka anatoka, haulizwi chochote, anakwenda maktaba na huko yuko mwalimu fulani anayemsubiri. Waambie kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unavyowaonyesha vyoo vilipo. Na kila anayetoka, mwalimu mmoja amfuate kwa macho mpaka afike.

Mazungumzo ya baada ya igizo msiyafanye bwaloni kwa kipaza sauti. Watajibu wale watano wanaojibu kila siku. Warudi madarasani na mwalimu wa darasa, nusu saa, na swali la kwanza lisiwe "tumejifunza nini?" Uliza ni wapi walitamani kumwambia mhusika asimame. Hapo utawasikia.

Wazazi wapelekewe barua mapema, yenye maelezo ya kweli na siyo sifa. Usiandike "igizo la kuelimisha jamii." Andika: "Katika igizo hili mzee mmoja anafariki na watoto wake wanamzika jukwaani. Kuna mlio mmoja mkubwa wa ngoma. Hakuna tukio la kupigwa wala la mapenzi. Igizo ni la saa moja, na baada yake watoto watazungumza na mwalimu wa darasa. Jioni anaweza kukuuliza kuhusu babu yake, tunaomba umjibu." Mzazi akisoma hivyo anajua nini kinakuja, na yule mwenye msiba mpya nyumbani atakwambia mapema. Asiyetaka mtoto wake aone, aheshimiwe, na mtoto huyo apewe kazi nzuri ya kufanya, asikalishwe nje ya bwalo kama aliyefukuzwa.

Na kikundi mwandikiane. Malipo nusu kabla, nusu baada. Kilichoonwa kwenye mazoezi ndicho kitakachochezwa, bila kuongeza tukio kwa sababu watazamaji wamechangamka. Wewe mlezi uwe na haki ya kuinua mkono na igizo likasimama, taa zikawashwa. Kikundi kinachowajua watoto kitakubali hilo bila kubishana, na wengi watakushukuru kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia mapema watazamaji wao wana umri gani. Mkuu wa shule mwombe mfuatane siku ya kwenda kuona mazoezi. Wakikataa kukupa muswada, au wakasema mazoezi yao hayaonwi na mtu, waage kwa adabu utafute wengine.